Nyonga, Magongo na Mtoto Ambaye Sikumwona

Kama unasoma haya ukiwa umelala chali, mguu umefungwa kamba na macho yako yako darini, basi ndugu yangu, nakuandikia wewe. Mwingine akisoma ni sawa, lakini wewe ndiye ninayekujua. Najua mabati ya hapo juu umeshayakariri, lenye kutu na lenye tundu. Najua kuna mtu amekuletea uji uliopoa na ukasema asante kwa sababu huna nguvu ya kugomba. Mimi nguvu ya kugomba ilikuwa ya mwisho kuniishia na ya kwanza kurudi. Waulize manesi.

Naitwa Haika. Kwetu ni Rombo, Kilimanjaro, lakini nimeolewa Karatu, kwa Wairaqw, na biashara yangu ni masweta ya mitumba sokoni. Karatu kuna baridi, hasa ukungu unaposhuka kutoka msituni mwezi wa saba, na kijana aliyekuja na kaptula yake kutoka Dar ananunua sweta huku meno yanagongana. Mume wangu, Paskali, ni mpishi wa safari. Anaondoka na magari ya watalii, anapika kwenye mahema, leo Ngorongoro, kesho Engaresero kule Ziwa Natron, nyumbani anakuja kama mgeni. Mama yake tulikuwa tunaishi naye. Miaka ilipita kwenye ndoa yetu bila mtoto. Hilo silielezi, anayelijua analijua. Ndipo nikashika mimba, ikakaa, na tumbo likakua hadi wenzangu sokoni wakaniita Semitrela, eti nikipita wengine wote wasogee pembeni.

Siku yenyewe ilikuwa ya vuli. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na barabara ilikuwa inang'aa. Nilikuwa natoka sokoni kwenda kununua dawa ya kiungulia ng'ambo ya lami, pale katikati ya mji ambapo magari yote ya kwenda getini Ngorongoro lazima yapite. Nilivuka kwenye zebra. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu kila mtu aliyekuja kunipa pole alianza kwa kuuliza, "Kwani ulivukia wapi?" Kwenye zebra, jamani. Rangi yake imefutika, lakini ni zebra.

Gari la watalii likasimama. Dereva akanionyesha kwa mkono, pita mama. Nikampungia, nikapita. Sasa sikiliza hapa, maana somo langu lote ni hili: gari moja likisimama, usidhani barabara imesimama. Nyuma yake ilikuwa inakuja pikapu ya vitunguu kutoka Mang'ola. Dereva wake aliona mwenzake amesimama bila sababu, akampita. Sababu ilikuwa mimi. Lile gari kubwa lilikuwa limenificha, hakuniona, na mimi sikumwona.

Nakumbuka harufu ya vitunguu. Magunia yalipasuka na vitunguu vikawa vinabingirika kando ya kichwa changu. Nilisikia mwanamke anapiga kelele, "Mjamzito! Jamani, ni mjamzito!" nikamwonea huruma huyo mjamzito, masikini. Sikujua kama ni mimi.

Nilipozinduka hospitali niliweka mkono tumboni. Ndivyo nilivyojua, kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Tumbo lilikuwa laini kama mfuko uliomwagwa. Nyonga ilikuwa imevunjika, paja la kulia limevunjika, na nilikuwa nimelala siku nzima bila fahamu. Nesi mmoja, dada mpole mwenye kikohozi, alikaa pembeni ya kitanda akanishika kidole gumba.

"Alikuwa wa kike," akasema. "Hakuteseka."

"Yuko wapi?"

"Mama mkwe wako alimchukua asubuhi."

"Amempeleka wapi?"

"Nyumbani, nadhani. Hakutaka tumsaidie. Alimfunga mwenyewe akaondoka."

Mama mkwe alipokuja jioni na chupa ya chai, nilimwuliza swali hilohilo kabla hajakaa. Mama, mtoto wangu amelazwa wapi? Alimimina chai. Akasema, "Kunywa." Nikauliza tena. Akasema, "Wakati bado, Haika." Na tangu siku hiyo, kupitia vuli, kupitia Krismasi, kupitia masika yote, mimi nilikuwa na swali hilo moja. Mguu ulikuwa unauma, kweli. Lakini mguu unajua ulipo. Mtoto wangu sikujua alipo, sikumwona uso, na mtu pekee aliyekuwa anajua alikuwa ananipa chai.

Kuhusu wodi nitakwambia machache. Walinipiga pini mguuni, wakafunga kamba, na mwishoni mwa kamba wakaning'iniza uzito, ili mfupa uvutwe ukae sawa. Unalala hivyo, hugeuki. Haja kubwa na ndogo unafanyia palepale, kwenye chombo kinachopenyezwa chini yako kikiwa baridi kama jiwe la mtoni. Mwanzoni nilikuwa nalia kwa aibu. Baadaye nikawa napiga kelele kama nauza masweta: "Nesi, wahi, mzigo unashuka!" Wodi nzima inacheka. Aibu inaisha, usiogope. Vidonda vya mgongo ndivyo haviishi haraka, kwa hiyo waambie wakunyanyue na kukupaka mafuta hata kama wamenuna.

Siku chache baada ya ajali maziwa yalianza kutoka. Hili hakuna aliyenionya. Mwili haukuwa umepewa taarifa. Kila mtoto wa mgonjwa mwingine akilia, kifua changu kinalowa, na mimi nimefungwa pale siwezi hata kujigeuza nifiche. Kitanda cha jirani alikuwa mama wa Kimaasai kutoka Endulen, tulikuwa tunamwita Yeyo, yaani mama kwa lugha yao. Yeye mguu wake ulivunjwa na punda. Alikuwa anapenda kunitania: "Wewe umepigwa na gari, mimi punda. Wewe mkubwa. Mimi nikirudi nyumbani nitasema nini?" Siku ile aliona gauni langu limelowa, hakutania. Alikwisha kupewa magongo. Akaja akichechemea, akavua shuka lake moja, akanifunga kifua, akakaza hadi nikashindwa kupumua vizuri. Akasema, "Hayo yataondoka. Usiyaguse." Kisha akakaa kwenye kitanda changu, ambako si ruhusa, hadi nilipoacha kulia. Nesi mwenye kikohozi alipita akajifanya hajaona.

Wageni walikuja. Wenzangu wa sokoni, watu wa kanisani, Warombo wenzangu waishio Karatu. Kila mmoja alisema kazi ya Mungu haina makosa. Nilitamani kuwauliza kama Mungu ndiye aliyekuwa anaendesha pikapu. Dereva mwenyewe naye alikuja mara moja. Hakukimbia siku ile, hilo nampa. Alisimama mlangoni mwa wodi ameshika kofia yake akalia kama mtoto. Nikamwambia ondoka. Sijui ningemwambia nini kingine.

Paskali alifika akiwa bado ana vumbi la Engaresero kwenye nyusi. Simu haishiki vizuri kule, habari zilimkuta zimechelewa. Alikaa, akanishika mkono, akalia. Nikamwuliza, "Mtoto yuko wapi?" Akasema, "Mke wangu, mimi sikuwepo. Mama hasemi. Na kwetu hayo ni ya wanawake, mwanaume haulizi."

"Basi mimi ni mwanamke. Mbona nauliza na sijibiwi?"

Akainamisha kichwa. Nilimchukia siku hiyo, naandika hivyohivyo. Baada ya ajali kama yangu, wawili mnaopendana mnaweza kukaa mkitazamana kama watu waliogombana, na hamjagombana. Ikikutokea usikimbilie kuvunja nyumba. Subiri kwanza mifupa iunge.

Niliruhusiwa baada ya Krismasi. Wakanilaza kwenye godoro nyuma ya gari, wakanivusha lami nimefumba macho, hadi nyumbani kwetu upande wa mashambani. Nikadhani mabaya yameisha.

Kwetu Rombo, mgonjwa akirudi nyumbani, nyumba haitoshi. Watakuja na ndizi, watakuja na maziwa, watakupikia mtori hadi uchoke, na wengine watakusengenya ukiwa unasikia, lakini watakuwepo. Karatu hakuja mtu. Siku ya kwanza nikasema wamechoka. Zikapita nyingine, kimya. Nikaanza kuona mambo. Mama mkwe alinitengea kikombe changu, sahani yangu, kijiko changu, na hakuvichanganya na vyombo vingine. Maji yangu ya kuoga aliyamwaga mbali. Wenzangu wa sokoni waliokuja, niliwasikia wakirudishwa getini: "Asanteni, rudini tu, asanteni." Siku moja mtoto wa jirani alitumwa kuja kuomba moto, maana asubuhi zile kila kitu kimelowa na watu huazimana kaa la moto. Mama mkwe alimfukuza kama anafukuza kuku. "Hapa hakuna moto! Rudi kwenu!" Na mimi nilikuwa naona moshi wa jikoni kwetu kwa macho yangu.

Nikajumlisha mwenyewe. Nilivuka barabara na tumbo langu kufuata dawa ya kiungulia. Nikaua mjukuu. Sasa mwanamke huyu, mzee wa kanisa, mwimba tenzi, ananitenga kama mwenye ukoma, na amemficha mtoto ili nisijue hata pa kulilia. Hasira ilinijaa hadi nikasahau maumivu. Nilimpigia kaka yangu Rombo nikamwambia, nikiweza tu kukaa kwenye kiti cha gari, njoo unichukue. Sitafia kwa watu.

Paskali naye alikuwa amekaa kidogo tu akarudi kazini. Kabla hajaondoka nilisikia wakibishana na mama yake jikoni, Kiiraqw kinachanganyika na Kiswahili. Mama anasema mtu wa nyumba hii hawezi kwenda kupikia watu wengine chakula sasa hivi. Paskali anasema, "Mama, Wazungu hawana metimani." Neno hilo sikulijua. Nikadhani ni aina ya ugonjwa, nikadhani ni jina wanaloniita.

Masika yalipoanza, mvua zikitulia asubuhi, mama mkwe alikuwa akinitoa nje nipate jua, ananiweka kwenye godoro karibu na ua wa minyaa. Hapo ndipo jirani yetu, Mama Deo, aliponiita. Alikuwa upande wake wa ua, hakusogea hata hatua.

"Haika! Unaendeleaje?"

Nikamjibu kwa kisirani. "Ninyi si mmenisusa? Unauliza ya nini?"

"Kukususa? Nani kakususa, wewe?"

"Hujakanyaga hapa tangu nitoke hospitali. Hakuna aliyekanyaga. Kama nimeua mtoto semeni tu nisikie."

Mama Deo aliweka ndoo yake chini. Nadhani ndiyo kwanza alielewa kwamba sikuwa nimeelewa. "Mungu wangu," akasema. "Kwani huyu bibi hakukuambia? Haika, sisi kwetu nyumba ikimwaga mtoto kabla hajazaliwa, nyumba hiyo inakaa peke yake kwanza. Ndiyo metimani. Hamji kwetu, hatuji kwenu, hatushiriki moto wala kikombe. Si chuki. Ni msiba, lakini ni msiba wa kukaa mbali, ili usirukie nyumba nyingine yenye mimba. Vijana wengi wameshaacha, na mchungaji anasema ni ya kale. Lakini mama mkwe wako ni wa zamani, unamjua."

Nikasema, "Mbona yeye basi anakaa na mimi?"

"Ndiyo nikwambie sasa. Shemeji yako wa Mbulu alikuja kumchukua ulipokuwa bado wodini. Angekaa huko, anakwenda kanisani, anakula na watu, mpaka yako iishe. Akakataa. Alisema msichana wa watu hana mama hapa. Amejifungia na wewe humo ndani, Haika. Naye hatumgusi. Umemwona akienda kanisani wewe?"

Sikuwa nimemwona. Nilikuwa naona yangu tu. Nilidhani haendi kanisani kwa sababu ananiuguza na amechoka. Na kikombe chake, sasa nilipoangalia, nacho kilikuwa pembeni peke yake, kama changu.

Aliporudi kutoka kuchuma mboga nilimwita. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Hii metimani. Mimi nilidhani unanichukia."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi? Ningekuchukia si ningekuwa Mbulu naota moto wa watu?" Kisha akakunja uso. "Umeolewa hapa miaka yote hii. Nilidhani Paskali alikufundisha. Lakini Paskali naye anajua nini, anajua supu tu."

Tukacheka. Kicheko kiliniuma nyonga yote, nikamwambia anyamaze, akazidi. Ndiyo mara ya kwanza nilicheka na mwanamke yule tangu ajali. Kesho yake alijaribu kunipikia mtori. Ndizi za Karatu hazikuwa zile, na nyama aliiweka mwishoni badala ya mwanzo, lakini nilikula wote na kukwangua chungu. Nikampigia kaka nikamwambia asije kwanza.

Mtoto, hata hivyo, hakunionyesha. Nilimwuliza siku hiyohiyo, nikidhani sasa mlango umefunguka. Akasema, "Hilo mpaka moto wetu urudi kwa watu. Nilivyofundishwa na mama yangu, jambo kama hilo halitajwi likiwa bado liko ndani na sisi." Nikamwambia mimi ni Mkristo. Akasema, "Na mimi nilibatizwa kabla hujazaliwa. Subiri." Nikalia, nikasubiri. Kulia na kusubiri ndiyo ilikuwa kazi yangu, na siku hizi nikiona mtu kwenye benchi la hospitali hana simu wala kitabu, anaangalia tu mlango wa daktari, naijua kazi anayoifanya.

Mabenchi ninayajua sana. Benchi la picha, ambako mnakaa mmeshika bahasha kubwa mikononi. Benchi la kliniki ya mifupa, ambako karibu wote tumetoka barabarani: huyu bodaboda, huyu alikuwa amebebwa na bodaboda, huyu alikuwa anapita zake. Mtu anamwuliza mwenzake, "Wewe ni gari au pikipiki?" kama anauliza kabila. Hapo niliambiwa mfupa umeunga lakini mguu wa kulia umefupika, na nitachechemea maisha yangu yote. Fundi viatu ameniongezea kisigino. Ukiniangalia haraka hutajua, ila viatu vya kulia na kushoto havinunuliki tena kama pea ya kawaida, na mvua ikikaribia nyonga inaniambia kabla ya mawingu.

Safari ya kwanza ya kwenda kliniki kwa magongo ndiyo siku nisiyoisahau. Hospitali iko ng'ambo ya lami. Mwenye gari aliyekuwa atubebe hakutokea, na mama mkwe akasema si mbali, tutakwenda polepole. Tukafika barabarani, kwenye zebra ileile. Gari likasimama. Dereva akatuonyesha kwa mkono, piteni. Na mimi sikuweza. Miguu ilikataa, na magongo yalikataa pia. Nilikuwa namwangalia yule dereva na mkono wake mzuri, nasikia harufu ya vitunguu ambavyo havikuwepo. Nikajikojolea, mtu mzima, katikati ya mji, mbele ya vibanda vya watu wanaonijua. Dereva akapiga honi kidogo, kwa upole tu, nikapiga ukelele.

Mama mkwe alifungua kitenge chake cha juu akanifunga kiunoni kufunika gauni. Kisha akanigeuza, tukarudi nyumbani. Njiani alikuwa anaangalia mbele tu, na machozi yanamtoka. Nilidhani analia kwa ajili ya aibu yangu. Kliniki ile tuliikosa.

Kama na wewe barabara imekukatalia, sikiliza. Usikubali mtu akuambie ni uoga. Mwili unakumbuka kuliko wewe. Mimi, metimani yetu ilipoisha, nilianza kwa kwenda kukaa tu kando ya lami, kwenye kibanda cha mwenzangu anayeuza vocha, naangalia wengine wakivuka. Asubuhi nyingi nilikaa hivyo. Kisha nikavuka nimeshikwa mikono yote miwili. Siku hizi navuka mwenyewe. Lakini nikifika mbele ya gari lililosimama, nasimama nami, nachungulia kwanza pembeni yake. Wanaonijua wananicheka: "Haika anachungulia kama anaibia." Wacha wacheke.

Baridi ya kipupwe ikafika, mahindi yakavunwa, mbaazi zikabaki shambani. Asubuhi moja niliamka nikakuta mama mkwe amezima moto wa jikoni. Ametoa majivu yote, amefagia nyumba, mikeka iko nje, vikombe vyetu viwili vimesuguliwa kwa mchanga hadi vinang'aa. Aliniogesha, na mimi nikammiminia maji akaoga. Kisha tukakaa mlangoni tukisubiri, meno yanagongana, nikasema moyoni hapa ndipo ningeuza masweta. Mama Deo akatokea kwenye njia amebeba kaa la moto kwenye kigae, analipuliza lisizime. Nyuma yake wanawake wengine, na wenzangu wa sokoni, na hata yule mama mzee wa nyumba ya mwisho ambaye hatembei vizuri. Walimpa mama mkwe moto. Akauwasha. Tukala pamoja kila mtu, kikombe kimoja kinazunguka. Mama Deo alinikumbatia hadi magongo yakaanguka. Alisema, "Umenenepa, wewe. Huko ndani mlikuwa mnakula nini?"

Walipoondoka, mama mkwe alichukua kanga yake. "Twende," akasema.

Nilimfuata. Tulipita nyuma ya nyumba, tukapita zizi, tukapanda kidogo hadi ukingo wa shamba penye mbaazi. Kulikuwa na mawe madogo yamepangwa mviringo, na katikati majani yameng'olewa, pasafi. Mtu alikuwa anapasafisha. Alikuwa anapasafisha mvua zote zile nilipokuwa namchukia moyoni.

Nilishindwa kuchuchumaa kwa sababu ya nyonga. Nikakaa chini moja kwa moja, nikaweka mkono pale. Udongo ulikuwa baridi. Nilimlilia mwanangu, mara ya kwanza nikiwa mahali pamoja naye. Mama mkwe alikaa pembeni yangu akaniacha nilie. Baadaye nikamwuliza lile lililobaki: "Ulimletaje huku? Ulikuwa peke yako."

Akaniambia, na naandika alivyosema:

"Hospitali walitaka kunisaidia, nikakataa. Nilijua nikimwita bodaboda nikamwambia nimebeba nini, hatanibeba. Nikimficha, nitakuwa nimemwingiza kwenye jambo letu. Nikasema nitatembea. Nikamfunga kwenye mtandio wangu mweupe, ule wa kanisani, nikampakata kama anavyopakatwa mtoto anayetoka hospitali. Nilimfunika uso asipigwe na upepo.

"Basi Haika, njiani wanawake wakaniona. Mmoja akasema, 'Hongera, bibi! Mmepata nini?' Ningesema nini? Nikasema, 'Msichana.' Akasema, 'Hongereni sana, Mungu amkuze.' Nikasema, 'Asante.' Mwingine akauliza mama yake anaendeleaje. Nikasema, 'Amelala.' Hukuwa umezinduka bado. Ilikuwa kweli.

"Nikafika barabarani. Pale pale. Vitunguu vingine vilikuwa bado viko kwenye mtaro. Nikasimama kwenye mistari nikasema, Mungu, na sisi watugonge yaishe. Lakini yalisimama. La kutoka Arusha likasimama. La kutoka getini likasimama. Pikapu zikasimama, pikipiki zikasimama, hakuna aliyempita mwenzake. Dereva mmoja wa watalii akatoa kichwa nje akasema, 'Pita bibi, pita na mjukuu wako.' Wote wananiangalia wanatabasamu, wananisubiri."

Akavuta kanga yake mabegani.

"Kwa ule muda wa kuvuka, mji mzima ulijua nina mjukuu. Nilitembea polepole."